Aliacha Lindo Kuja Kuniaga

Baba aliisoma karatasi ya mchumba wangu kama alivyokuwa akisoma ripoti zangu za shule: miwani puani, kidole chini ya mstari, bila kuruka hata nukta. Sisi wengine tukangoja. Mjomba wa mchumba wangu, muuza nyama mwenye tumbo la heshima aliyekuja kumsemea mpwa wake, alikuwa ameshamaliza utani wake wote na sasa alitazama dari. Shangazi yangu aliketi pembeni akijifanya anashona kifungo, kumbe masikio yake yote yako kwenye karatasi. Mimi nilisimama mlangoni na sinia la chai mkononi, ndani ya gauni nililolipiga pasi mara mbili, nina furaha ya kijinga ambayo nikiikumbuka leo naionea huruma.

Baba ni mwanajeshi mstaafu, na mtaa mzima unamwita Sajini. Mama alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo nililelewa na shangazi kwa upande wa chakula na mavazi, na baba kwa upande wa saa. Kwetu saa saba ilikuwa saa saba. Ukirudi saa saba na dakika tano, unaeleza zile tano zilikwenda wapi.

Mchumba wangu naye alikuwa askari, fundi wa magari ya jeshi, na watu wakamzoea kwa jina la Afande. Nilimjulia kwenye duka la dawa ninapofanya kazi. Alikuja kununua dawa ya kikohozi wiki tatu mfululizo bila kukohoa hata mara moja. Siku moja nikamwambia mapafu yake ni mazima, aseme shida yake. Akasema shida yake imesimama nyuma ya kaunta imevaa koti jeupe. Wateja wawili wakacheka, na mimi nikakosea kuhesabu vidonge vya bibi mmoja mpaka ikabidi nianze upya.

Baadaye nilikwenda mji mwingine kusoma kozi ya mwaka mzima. Niliporudi, Afande hakuwa tena jeshini. Aliniambia mkataba umekwisha, nami sikuuliza zaidi. Alikuwa anatengeneza magari kwenye gereji ya kando ya barabara, chini ya bati lililotoboka, yeye aliyekuwa akifungua injini za malori makubwa akiwa amefumba macho. Aliomba kazi kwenye kampuni ya mabasi, wakamsifu, wakamwambia alete vyeti vyake vyote, kisha kimya. Akaomba kiwandani, ikawa vile vile. Kila mara aliniambia nafasi zimejaa. Nikawalaani wenye mabasi na wenye kiwanda, nikampikia, nikamwambia riziki ina wakati wake.

Alipotaka kuja kuniposa, baba hakuweka masharti mengi. Alitaka kitu kimoja: cheti cha kuondoka jeshini. Alisema mwanajeshi haoni haya kuonyesha cheti chake, kama vile mama haoni haya kuonyesha mtoto wake. Afande akaahirisha mara mbili. Mara ya tatu akaja, Jumapili hiyo, amenyoa ndevu, amefunga vifungo mpaka shingoni, na uso wa mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Baba akaiweka karatasi mezani, akavua miwani.

"Kijana, unajua hii ni karatasi ya namna gani?"

"Najua, mzee."

"Sidhani. Ungejua usingeisaini."

Akaanza kueleza kwa sauti aliyokuwa akifundishia makuruta. Alisema mtu hatoki jeshini kwa mlango mmoja. Kuna anayemaliza muda wake akaondoka kwa heshima, huyo atakula pensheni na akifa atapigiwa tarumbeta. Kuna anayeondolewa kwa ugonjwa au kwa sababu kazi yake haihitajiki tena, huyo hana doa. Kuna anayefukuzwa na mahakama ya kijeshi, huyo hata nchi inamgeuzia mgongo. Na katikati kuna mlango mwembamba wa pembeni, kuachishwa kwa utovu wa nidhamu, ambao watu huupitia kwa haraka wakidhani wameponea chupuchupu.

"Tabia: hairidhishi," baba alisoma. "Maneno mawili tu. Hupati pensheni, hutibiwi hospitali ya jeshi, hupewi hata barua ya kukusifia. Kampuni ikiona hapa, inafunga faili. Polisi hawakutaki, zimamoto hawakutaki. Hata lango la benki hutapewa ulilinde. Na karatasi hii haizeeki, bwana. Wewe utaota mvi, yenyewe itabaki vile vile."

Mjomba mtu akajaribu kuokoa jahazi. Alisema kuteleza si kuanguka, na kwamba yeye mwenyewe ujanani aliwahi kuuza mbuzi wa baba yake, mbona leo ana bucha. Hakuna aliyecheka. Afande akamgusa goti kumnyamazisha, akamgeukia baba.

Alieleza taratibu, akitazama mikono yake. Alisema walimpa chaguo: angoje mahakama rumande, miezi mitatu au zaidi, ajieleze, au akubali kosa, asaini, atoke wiki ile ile. Wenzake kambini wakamwambia asiwe mjinga, asaini tu, kwa sababu baada ya miezi sita karatasi inajigeuza yenyewe kuwa nzuri, mradi mtu asifanye kosa jingine.

Baba alifumba macho. Kwa mara ya kwanza nilimwona anamwonea huruma.

"Hilo neno nimelisikia tangu nikiwa kuruta," alisema. "Kila kambi wanalo. Nani aliwahi kuona ikijigeuza?"

"Hakuna, mzee. Miezi sita ilipopita nilikwenda ofisini kuchukua mpya. Karani aliniangalia kama mwendawazimu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini, nikiwa kozini, alikuwa akiniambia kwa simu tungoje kidogo, tungoje kidogo. Alikuwa anangoja cheti kiive kama embe. Roho iliniuma, lakini si kwa hasira. Nilijisemea, basi, ameachishwa, amenificha, tutagombana kidogo tukiwa wawili na yataisha. Nilikuwa tayari kumchukua na gereji yake na bati lake.

Chini ya cheti kulikuwa na karatasi nyingine mbili. Moja ilikuwa nakala ya shtaka. Ya pili ilitoka kwenye bodi inayopitia upya vyeti vya walioachishwa, ambako Afande alikuwa amepeleka ombi. Baba akavaa miwani tena, akasoma shtaka kwa sauti: kuacha lindo la ghala la vipuri, Ijumaa, tarehe tisa, kuanzia saa saba na dakika arobaini mchana hadi saa kumi na dakika hamsini. Alirudi mwenyewe. Hakuna kilichoibwa.

Vikombe vikagongana kwenye sinia. Shangazi akaniangalia.

Ijumaa ile, tarehe tisa, ndiyo siku niliyosafiri kwenda kozini. Baba alinisindikiza stendi mwenyewe, kanibebea sanduku, kanibariki mbele ya watu mpaka nikaona aibu. Nilimwambia basi linaondoka saa saba na nusu, jua ni kali, asisubiri. Akanisikiliza, akaenda zake. Basi lilikuwa la saa kumi na nusu. Asubuhi yake nilikuwa nimempigia Afande simu nikamwambia, kama hutakuja kuniaga usinitafute tena maisha. Nilisema kwa madeko tu, kama mtu anavyosema akiwa na miaka ishirini na mbili na anajua anapendwa. Akaja mbio, shati limemganda mgongoni. Nilipomuuliza kama ana ruhusa, alisema mkubwa wake ni mtu mwelewa. Tukakaa kwenye benchi nyuma ya chumba cha tiketi hadi basi lilipopiga honi. Pale ndipo aliponiambia atanioa. Kwa zaidi ya mwaka nilikuwa nikiisimulia siku ile moyoni mwangu kila kabla ya kulala.

Baba alikuwa ameshaanza karatasi ya bodi.

"Wanasema ombi limekataliwa kwa sababu mwombaji amekataa kutaja alikokuwa, na hakuleta shahidi." Akainua macho. "Wanasema wataweza kulisikiliza tena akipatikana shahidi. Kijana, mimi nilikaa jeshini miaka ishirini na tatu. Mtu haachi lindo kwa saa tatu akarudi mwenyewe kama hana sababu. Mama yako alikuwa mgonjwa?"

"Hapana, mzee."

"Ulikwenda kulewa?"

"Silewi, mzee."

"Basi ulikwenda wapi?"

Afande akaniangalia.

Nimejaribu kuwaeleza watu jicho lile, wakanielewa vibaya. Halikuwa la kuomba. Alikuwa kama mtu anayeangalia kama mwenzake ameamka. Na mimi nilikuwa macho kabisa. Nilikuwa na jibu lote kinywani, na stendi, benchi na saa kumi na nusu vyote vilikuwa ndani yake. Lakini pia nilimwona baba yangu, aliyeniamini kuliko saa yake ya mkononi, na nikafikiria uso wake akijua kwamba alinibariki nikiwa namdanganya ili nibaki peke yangu na mwanamume stendi. Nikainamisha kichwa, nikaanza kuvipanga upya vikombe ambavyo havikuwa na shida yoyote.

"Nilikwenda mjini, mzee," Afande alisema. "Kwa mambo yangu binafsi."

"Mambo gani?"

"Yangu tu, mzee. Naomba nisiyaseme."

Baba akazikunja karatasi tatu, akampa kwa mikono miwili, kwa adabu. Alisema hana chuki naye, ila mtu aliyeachia ghala la serikali kwa mambo yake binafsi ipo siku ataachia nyumba kwa mambo yake binafsi, na yeye ana binti mmoja tu. Hawezi kumtoa. Chai ikabaki kwenye sinia, hakuna aliyeionja.

Walipotoka nilihesabu mpaka kumi, nikamwambia shangazi nakwenda kutupa takataka, nikakimbia mikono mitupu. Niliwakuta karibu na karakana ya kuchomelea mageti, imefungwa kwa kuwa ni Jumapili. Mjomba aliponiona akasema anakwenda kuangalia bei ya geti, akasogea akasimama mbele ya mlango uliofungwa, akaukodolea macho. Mungu amlipe mzee yule.

Nilianza kwa kulia. Wanaume wengi wangenyamazishwa na machozi, naye alikuwa akinyamazishwa nayo siku zote, lakini siku ile alinisubiri nimalize.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza. "Muda wote huu unaniambia mkataba, mkataba."

"Ningekuambia nini? Kwamba umenikosesha kazi? Hukunikosesha wewe. Miguu ilikuwa yangu." Akafuta jasho. "Nilisaini haraka kwa sababu mahakamani wangetaka jina lako. Nilisema nitoke, ningoje miezi sita, nije kwenu msafi. Nilikosea. Hilo kosa ni langu na nimelikubali."

"Narudi ndani sasa hivi namwambia baba kila kitu."

"Kamwambie. Ni baba yako, ana haki ya kujua."

"Halafu urudi."

Akatikisa kichwa. Alitikisa polepole, na hapo ndipo moyo uliponipasuka, kwa sababu nilimjua. Akikasirika alikuwa anaongea sana. Akiwa ameamua alikuwa mpole.

"Mimi niliweka saini kwenye kitu nisichokielewa," alisema. "Wewe pale mlangoni ulikuwa unaelewa kila neno."

"Niliogopa."

"Najua. Nilikuona ukiogopa, na sikukasirika. Ila nilijiuliza, wenye mabasi wakinifukuza, wenye kiwanda wakinifukuza, huyu ndiye nitakayerudi jioni kumtegemea? Karatasi hii nitaibeba maisha yangu yote. Watu wataniuliza mbele yako, si mara moja. Kwenye harusi za watu, kwenye shule ya mtoto. Kila mara nitakuangalia, na kila mara nitaogopa utaangalia vikombe."

Nilimshika mkono wa shati. Nikamwambia maneno yote ambayo mtu husema, kwamba ni mara moja tu, kwamba nitabadilika, kwamba asiponisamehe nitakufa. Sikufa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavifungua vidole vyangu kimoja kimoja, kwa upole ule ule aliokuwa akifungulia nati iliyoshika kutu, akaninong'oneza nirudi ndani, jua ni kali. Mjomba akaacha geti lake. Walivuka barabara pamoja, na yule mzee aligeuka mara mbili kuniangalia. Afande hakugeuka.

Niliporudi baba alikuwa bado kwenye kiti chake. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kuanzia simu ya asubuhi mpaka honi ya basi. Shangazi akaweka sindano chini. Baba hakunikatiza, na nilipomaliza nilitamani anipige.

"Siku ile nilirudi nyumbani kwa miguu," alisema. "Furaha ilinizidi, nikaona kupanda gari ni kuiharakisha."

Nikaanza kusema nisamehe. Akainua kiganja.

"Mimi baadaye. Mimi nipo, siendi popote. Huyu kijana alikaa hapo nikamvua nguo mbele ya mjomba wake, na wewe ukanitazama nikimvua." Akavuta kiti cha mezani. "Lete kalamu."

Alinikalisha mezani nikaandika ushahidi. Aliniandikisha jina la stendi, saa, nguo aliyovaa Afande, na sababu niliyokuwa nayo ya kumdanganya mzazi wangu. Nilipoandika kwamba nilimwomba aje, akasema kuomba ni jambo jingine, niandike nilivyosema. Nikaandika: nilimwambia asipokuja asinitafute tena. Jumatatu alivaa tai ambayo sikuwa nimeiona tangu maziko ya mama, akaupeleka ushahidi kwenye bodi kwa mkono wake. Walimhoji, wakaniita na mimi, wakanisomea maneno yangu mbele ya maofisa watatu na karani wa kike aliyenitazama kwa jicho la pembeni. Mtaani habari zikafika kabla sijafika mimi. Wenye watoto wa kiume waliokuwa wakinipigia hesabu wakatafuta mahesabu mengine.

Baba alikwenda pia buchani kwa mjomba mtu, akamkuta Afande hapo, akamwomba radhi mbele ya wateja, akamwambia mlango wa nyumba yake uko wazi. Afande alisimama, akamshukuru, akampisha kiti, akamwambia hana kinyongo na yeyote. Kuhusu mimi alisema nipewe salamu. Baba aliporudi nilimngoja aseme zaidi, akasema tu, "Yule kijana ana nidhamu," akaenda kuoga.

Bodi ilichukua miezi minane. Sikumpigia hata siku moja, ingawa kuna jioni nilizokaa na simu mapajani mpaka ikawa ya moto. Nilijiambia labda karatasi ikigeuka, naye atageuka. Unaona nami nilivyokuwa na miezi sita yangu.

Ujumbe ulinikuta dukani, asubuhi, watu wamejaa. Mama mmoja alikuwa mbele yangu na karatasi ya daktari, na simu ikatikisika kwenye mfuko wa koti. Namba ilikuwa ya Afande. Nilimwomba yule mama dakika moja, nikageukia rafu ya dawa za macho, nikasoma.

"Dada, barua imetoka. Wamebadilisha, sasa nimeondoka bila doa. Nimepata kazi kampuni ya mabasi, naanza Jumatatu. Nakushukuru wewe na mzee. Mungu awazidishie."

Nilirudia kulisoma lile neno la kwanza, nikiliomba liwe limekosewa. Afande hakosei. Mtu aliyeniahidi kunioa alikuwa ametafuta, katika maneno yote ya lugha hii, lile lenye heshima kuliko yote, akanipa.

Nikaandika, "Hongera sana, kaka." Nikairudisha simu mfukoni, nikageuka, nikachukua karatasi ya yule mama, nikamuuliza kama dawa ni ya mtoto au ya mtu mzima.